Umeendesha gari Uingereza ukaletewa faini? Hatua za kufuata kabla haijakua

Mtu katoka Dar es Salaam kwenda kumsalimia dada yake Leicester. Wikiendi moja akaazima gari la shemeji, wakaenda London na kurudi salama. Likizo ikaisha, akapanda ndege, akarudi kazini. Siku chache baadaye dada anamtumia picha ya barua kwa WhatsApp: gari la shemeji limenaswa na kamera, na kuna pauni za kulipa.

Swali la kwanza huwa moja: "Mimi nimesharudi, watanifanya nini?"

Jibu fupi ni kwamba faini nyingi za barabarani Uingereza huanza zikiwa ndogo. Kinachozikuza ni kukaa kimya. Na anayeumia kwanza kwa ukimya huo mara nyingi si aliyepanda ndege, ni mwenye gari aliyebaki.

Haya ndiyo mambo ya kujua, hatua kwa hatua.

Kwa nini mgeni ananaswa kirahisi

Mtanzania, Mkenya au Mganda akifika Uingereza haoni ugeni mkubwa barabarani. Usukani uko kulia, magari yanapita kushoto, kipilefti ni kilekile. Ugeni uko kwenye vibao.

Namba zote za mwendo ni maili, si kilomita, na dashibodi ya gari nayo inasoma maili. Mshale ukiwa kwenye 40, mguu unahisi gari linatembea taratibu. Kumbe ni kilomita 64 kwa saa.

- Maili 20 ni kilomita 32
- Maili 30 ni kilomita 48
- Maili 40 ni kilomita 64
- Maili 60 ni kilomita 97
- Maili 70 ni kilomita 113

Barabara za makazi zenye taa kwa kawaida ni maili 30, isipokuwa kibao kiseme vingine. Wales imeshusha kiwango hicho hadi 20 tangu Septemba 2023, na barabara nyingi za London nazo ni 20. Kibao cheupe cha duara chenye mstari mweusi wa mshazari hakimaanishi "kimbia utakavyo". Kwa gari dogo maana yake ni maili 60 kwenye barabara ya kawaida, na 70 kwenye barabara iliyotenganishwa katikati.

Kuna mitego mingine isiyo ya mwendo:

- Njia ya mabasi. Ni kama njia ya mwendokasi, ila nyingi hazina ukuta wala kingo. Ni rangi tu barabarani na kibao cha saa.
- Boksi la mistari ya njano kwenye makutano. Haliingiwi mpaka mbele kuwe na nafasi ya kutokea.
- Ukanda wa hewa safi wa London, ULEZ. Tangu Agosti 29, 2023 umeenea wilaya zote za London. Gari lisilofikia kiwango cha moshi hulipiwa pauni 12.50 kwa siku. Magari ya dizeli ya kabla ya mwishoni mwa 2015 ndiyo huangukia humo zaidi.
- Kivuko cha Dartford, mashariki mwa London. Tangu 2014 hakuna kibanda cha kulipia. Anayepita kati ya saa 12 asubuhi na saa 4 usiku anatakiwa kulipa mtandaoni kabla ya saa 6 usiku wa siku inayofuata.

Sehemu zote hizo mara nyingi hakuna trafiki wa kumsimamisha mtu wala tochi ya kuonekana. Kamera inasoma namba ya gari, barua inaandikwa, dereva anaendelea na safari bila habari.

Kwanza: barua imetoka kwa nani?

Kabla ya kulipa au kubishana, dereva asome kichwa cha barua. Kuna aina tatu, na watu huzichanganya.

1. Barua ya halmashauri au mamlaka ya usafiri. Kichwa chake ni *Penalty Charge Notice*. Ni ya maegesho, njia ya mabasi, boksi la njano, ULEZ au Dartford. Hili ni deni, si kosa la jinai. Halina pointi za leseni.

2. Barua ya polisi. Kichwa chake ni *Notice of Intended Prosecution*, yaani taarifa kwamba mtu anaweza kushtakiwa. Huja kwa mwendo kasi, kupita taa nyekundu na makosa ya aina hiyo. Hii ni jinai, na ndiyo isiyotakiwa kuwekwa kabatini hata siku moja.

3. Barua ya kampuni binafsi ya maegesho. Kichwa chake mara nyingi ni *Parking Charge Notice*. Herufi za mwanzo ni PCN, sawa kabisa na ile ya halmashauri, na ndipo watu wanapochanganyikiwa. Hii si faini ya serikali. Ni madai ya kampuni inayosimamia maegesho ya supamaketi, hospitali au hoteli.

Barua ya polisi: siku 14, siku 28

Kwa makosa ya kamera kama mwendo kasi, polisi wanatakiwa kupeleka taarifa kwa mmiliki aliyesajiliwa ndani ya siku 14 tangu kosa. Watu wengi wanaijua sheria hii nusu tu. Siku hizo 14 zinamhusu mmiliki wa kwanza kwenye usajili. Kama gari ni la kukodi, taarifa huenda kwanza kwenye kampuni. Ya dereva inaweza kuja wiki nyingi baadaye na bado ikawa halali.

Barua hiyo huja na fomu ya kumtaja dereva. Mmiliki ana siku 28 kuijibu. Asipojibu anatenda kosa jipya, tofauti na la mwendo: faini hadi pauni 1,000 na pointi 6 kwenye leseni yake, hata kama siku ya tukio alikuwa amelala nyumbani.

Dereva akishatajwa naye hupata fomu yake. Akikubali kwamba ndiye aliyeendesha, kwa kawaida kuna njia tatu:

- Darasa la mwendo. Hutolewa kwa waliopitiliza kidogo na ambao hawajasoma darasa hilo ndani ya miaka mitatu. Mtu analilipia, anasoma, hapati pointi. Mengi sasa hufanyika kwa intaneti, kwa hiyo aliyesharudi nyumbani naye aulize kama anaweza kulisoma akiwa huko.
- Faini ya papo kwa papo. Kwa mwendo kasi ni pauni 100 na pointi 3. Kushika simu ukiendesha ni pauni 200 na pointi 6.
- Mahakama. Ni kwa waliopitiliza sana, wanaobisha kosa, au waliokaa kimya. Faini ya mwendo mahakamani hufika pauni 1,000, na pauni 2,500 kama ni kwenye barabara kuu za motorway.

Vipi kuhusu pointi kwa mwenye leseni ya Tanzania au Kenya? Hazichapwi kwenye leseni hiyo. Mamlaka ya leseni ya Uingereza, DVLA, humfungulia dereva kumbukumbu na kuziweka humo. Akirudi kuishi au kusoma huko na kuomba leseni ya Uingereza, anazikuta zinamsubiri.

Anayesimamishwa na askari barabarani na hana anwani ya kueleweka Uingereza anaweza kutakiwa kulipa amana palepale, kwa risiti. Asipolipa, gari linaweza kuzuiwa. Hiyo ni taratibu ya kisheria, si maombi ya "chai". Na kumpa askari chochote cha pembeni ni kosa kubwa kuliko lile la mwendo.

"Tumwekee mgeni, yeye anaondoka"

Hili linasemwa kwa utani mezani, ila lina hatari. Mwenye gari kanaswa, pointi zake zimejaa, ndugu kutoka nyumbani yupo likizo. Mtu anapendekeza jina la mgeni liandikwe kwenye fomu.

Kumtaja dereva wa uongo Uingereza ni kupotosha haki, kosa la kifungo. Waziri wa zamani wa nishati, Chris Huhne, alifungwa miezi minane Machi 2013 pamoja na aliyekuwa mke wake, Vicky Pryce. Mke alikuwa amekubali kubeba pointi za mwendo kasi za mwaka 2003. Miaka kumi ilipita, waziri akajiuzulu, kesi ikaenda mpaka mwisho. Chanzo chake kilikuwa pointi 3 tu.

Mgeni anayeombwa kubeba kosa la mwenyeji wake ana haki ya kukataa, hata kama anayemwomba ni mkubwa wake.

Barua ya halmashauri: hesabu inavyopanda

Hapa pesa ndiyo jambo kuu, na mfano wa ULEZ unaonyesha vizuri:

- Ada ya siku: pauni 12.50
- Isipolipwa kwa wakati, notisi: pauni 180
- Ikilipwa ndani ya siku 14: nusu, yaani pauni 90
- Siku 28 zikipita bila kulipa wala kupinga: pauni 270

Baada ya hapo deni husajiliwa mahakamani na linaweza kupewa madalali wa mahakama, ambao huongeza gharama zao juu yake.

Jambo la kukumbuka ni kwamba anayedaiwa kwenye notisi hii ni mwenye gari, si aliyeendesha. Dalali hatabisha hodi Mbezi wala Umoja. Atabisha Leicester, kwa dada.

Kupinga kunaruhusiwa na ni bure. Anayepinga anaandika kwa halmashauri kwanza, kupitia tovuti iliyo kwenye notisi, na kuambatanisha ushahidi: picha ya kibao kilichofunikwa na matawi, risiti ya malipo, au mkataba wa kukodi. Halmashauri ikikataa, anakwenda kwenye baraza huru. Kwa notisi za London ni London Tribunals. Kwa England nje ya London na Wales ni Traffic Penalty Tribunal. Hakuna haja ya kusafiri, kesi husikilizwa kwa maandishi, simu au mtandao.

Hoja ya "sikujua" peke yake ni dhaifu, ila halmashauri ina hiari ya kusamehe. Kama barua ilizungukia Dubai ikafika sanduku la posta muda wa punguzo ukiwa umepita, dereva apige picha bahasha na tarehe yake, aandike kwa heshima kuomba punguzo lirudishwe. Haigharimu kitu kuomba.

Kosa la kuepuka ni kulipa kisha kupinga. Akishalipa, suala limefungwa.

Barua ya kampuni binafsi

Hii nayo isitupwe. Kampuni inatakiwa kutoa punguzo kwa anayelipa ndani ya siku 14, na ina utaratibu wa rufaa. Kwanza ni kwa kampuni yenyewe, kisha kwa chombo huru, POPLA au IAS, kutegemea kampuni ni mwanachama wa chama gani. Jina la chombo huandikwa kwenye barua ya kukataliwa.

Ikipuuzwa, kampuni inaweza kufungua madai. Hukumu ya madai isiyolipwa ndani ya mwezi mmoja hubaki kwenye rekodi ya mikopo miaka sita. Kwa ndugu anayeishi huko, hiyo inaweza kumkosesha mkopo wa nyumba. Yote kwa sababu ya dakika 20 za maegesho.

Gari la kukodi: ada si faini

Mgeni anarudi nyumbani, anaona kwenye kadi yake ya benki makato kutoka kampuni ya kukodisha magari. Anadhani faini imekwisha. Mara nyingi haijaisha.

Makato hayo kwa kawaida ni ada ya utawala: gharama ya kampuni kupokea barua na kutoa jina la mteja. Faini yenyewe iko njiani. Ila kampuni nyingine hulipa notisi ya halmashauri kwanza na kumkata mteja yote kwa pamoja.

Kwa hiyo hatua ni hizi:

1. Kuiandikia kampuni barua pepe na kuuliza makato ni ya nini: ada tu, au ada pamoja na faini?
2. Kuomba nakala ya notisi, maana ndiyo yenye namba ya kumbukumbu na tarehe.
3. Kuingia kwenye tovuti ya mamlaka husika na kuangalia kama deni bado lipo.
4. Kulipa mara moja tu, na kutunza risiti.

Anwani iliyoandikwa kwenye mkataba ndiko barua zitakapokwenda. Kuandika sanduku la posta la ofisi ya zamani ni kujitengenezea matatizo.

Visa ijayo

Faini ya maegesho haimzuii mtu kupanda ndege Heathrow. Lakini fomu ya visa ya Uingereza humuuliza mwombaji kama amewahi kutiwa hatiani, au kupata adhabu kwa kosa la uendeshaji, mfano kufungiwa leseni au kuendesha bila bima.

Faini ya papo kwa papo iliyolipwa kwa wakati si hukumu ya jinai. Iliyopuuzwa inaweza kwenda mahakamani, na mahakama inaweza kuamua bila mshtakiwa kuwepo. Hapo kosa la pauni 100 limegeuka hukumu, wakati mwingine mhusika hana hata habari.

Akija kuomba visa na kuficha, tatizo halitakuwa mwendo tena, litakuwa udanganyifu. Adhabu yake ni kunyimwa visa, na inaweza kufuatiwa na zuio la hadi miaka 10. Kusema ukweli kuhusu faini iliyolipwa ni rahisi kuliko kueleza kwa nini ilifichwa.

Aliyegundua kwamba amehukumiwa bila kujua bado ana njia. Anaweza kuapa tamko la kisheria kwamba hakuwa na taarifa, ndani ya siku 21 tangu alipojua, na kesi ikaanza upya. Hapo wakili wa Uingereza anahitajika.

Kulipa ukiwa nyumbani, bila kutapeliwa

Malipo hufanyika kwa kadi kwenye tovuti iliyoandikwa kwenye barua. Kadi nyingi za benki za Afrika Mashariki zinahitaji kuruhusiwa kwanza kwa manunuzi ya mtandaoni nje ya nchi, hivyo ni vizuri kupiga simu benki kabla ya siku ya mwisho.

Matapeli nao wapo. Hutuma ujumbe mfupi wenye kiungo: "Una faini ya maegesho, lipa leo." DVSA, wakala wa serikali ambao jina lake hutumika sana kwenye ujumbe huo, hautozi faini za maegesho kabisa. Tovuti za serikali kuu huishia na gov.uk. Anayetilia shaka afungue tovuti mwenyewe kwa kuandika anwani, aweke namba ya notisi na namba ya gari. Faini ya kweli mara nyingi huja na picha ya gari au sehemu ya kuiona.

Kabla ya kuwasha gari

- Bima. Bima kubwa ya shemeji haimhusu mgeni mpaka jina lake liongezwe. Kuendesha bila bima ni pauni 300 na pointi 6, na gari linaweza kuchukuliwa. Bima ya siku chache ipo.
- Leseni. Mgeni anaweza kuendesha gari dogo kwa leseni halali ya nyumbani hadi miezi 12.
- Simu. Programu ya ramani iwekwe kwenye maili, ili ifanane na vibao.
- Orodha. Kuandika tarehe, saa na njia ya kila safari. Barua ikija, familia haibishani nani alikuwa kwenye usukani.
- Makubaliano. Anayeazima gari aseme mapema: faini ikija ni yangu, nitumie picha siku hiyohiyo.

Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Dada anayeona haya kumdai mgeni hukaa na barua wiki tatu. Mgeni hana habari, punguzo linapita, na pauni 90 zinakuwa 180. Picha moja ya WhatsApp siku barua ilipofika ingetosha.